Swali la Cucu Kando ya Mto

Mvua za kwanza zikinyesha, kahawa huchanua kwa siku chache, na harufu yake tamu hufika hadi huku Gitothua, japo mashamba yenyewe yamebaki machache kati ya magorofa. Wageni wangu huisifu. Mimi hufunga dirisha.

Nilikulia huku Ruiru miaka ya hamsini, kwa cucu, mama mzaa baba. Kishamba chetu kiliteremka hadi mtoni, na kule chini kwenye tope tulikuwa na nduma, magimbi ya majani mapana. Mahindi yakikataa, hizo nduma ndizo zilizotulaza tumeshiba. Mpaka wetu na shamba la mzungu ulikuwa mstari wa matoka, yale maua meupe ambayo wazee walipanda mipakani, na aliyeyang'oa, walisema, alijing'olea baraka. Niliyaruka kwa adabu hata nilipokuwa nikifukuza kuku.

Mzungu tuliyemwita Bwana Mrefu alikuwa na kahawa isiyo na mwisho machoni pangu. Hata hivyo, msimu mmoja seng'enge yake ilishuka, ikayapita matoka na kumeza nusu ya shamba letu. Nyapara wake, Wafula, mtu mpole kutoka magharibi tuliyesali naye Jumapili, alikuja kutueleza kwamba kahawa inaibwa, na Bwana anataka uwazi wa kuwaona wezi.

Msimu uliofuata walikuja wote wawili. Safari hii, eti, watu wa msituni, wapigania uhuru, walikuwa wakijificha kwenye nduma. Mimi mwenyewe, mdogo hivyo, nilikuwa nikionekana kila tulipocheza kibe, ule mchezo wa kujificha, humo. Cucu alijipangusa tope mikononi, akamwambia Wafula kwa Kikuyu, ambacho nyapara huyo alikuwa amejifunza shambani:

"Muulize, akishafika mtoni, atamwogopa nani wa ng'ambo?"

Wafula alisema maneno machache kwa Kizungu, macho chini. Bwana Mrefu akautazama mto, kisha akaagiza kazi ianze Jumatatu.

Nduma ziling'olewa. Matoka nayo yaling'olewa, kwa kuwa mke wa Bwana aliyapenda, yakapandwa kuzunguka nyumba yao. Cucu akawa anachuma kahawa ya watu kwenye udongo wake mwenyewe. Jioni moja alirudi akicheka kicheko cha uchovu.

"Amejizungushia mpaka," alisema. "Sasa abaki humo."

Hakubaki. Seng'enge ilivuka mto kabla cucu hajafa, na tukalala njaa mara nyingi. Kwa miaka mingi nilimchukia Wafula, nikiamini alilimeza lile swali. Niliwaza kwamba lau angelifikisha kama lilivyosemwa, yule Bwana angeona haya.

Uhuru ulikuja, mzungu akauza, na baada ya wenye shamba wawili watatu likaangukia kwa mwenzetu, mtu niliyesoma naye. Juzijuzi alijenga ukuta wa mawe, akaziba njia ya kwenda mtoni. Nilikwenda kwake, nimechoka miguu na moyo. Akaniambia ni wezi, dada, watu wa ng'ambo hawaaminiki. Basi nikamuuliza swali la cucu, neno kwa neno, kwa lugha tuliyonyonya pamoja.

Aliutazama mto, kisha akaniuliza kama ningependa chai.

Nilikunywa. Nikirudi nyumbani nilimwomba Wafula msamaha, huko aliko. Alikuwa amelitafsiri vizuri kabisa.