Makopo Kumi na Manne ya Matembele

Tarakimu ya kwanza niliyoitunga ilikuwa kumi na mbili. Kipimajoto kilichoning'inia kwenye msumari ndani ya banda kilisema nyuzi saba za Selsiasi. Nilisimama na kalamu mkononi, glovu moja nimeing'ata, nikatazama mistari ya juu yake katika daftari: kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili. Ilikuwa imepangika vizuri. Nikaandika kumi na mbili, nikafunga daftari, nikajiambia kwamba kesho lundo litapanda moto na nitarudi kurekebisha. Sikurudi.

Ilikuwa Januari, mwishoni mwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mchana nilitoa nakala za makaratasi katika ofisi moja Arlington, karibu na Washington, Marekani. Jioni nilipanda treni, kisha basi lililojaa watu, hadi nyumba ndogo ya matofali nyuma ya Langley Park nilikopanga chumba cha chini. Mwenye nyumba tulimwita Mama, mimi na kila mtu kanisani. Alikuwa Mkongo wa upande wa Bukavu, amekaribia sitini, kazi yake kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kwa kuwanyanyua.

Makopo kumi na manne yalikuwa yake. Kila moja lilikuwa na marando ya matembele, yaani mashina ya viazi vitamu vinavyoliwa majani, ile aina yenye majani membamba na laini, ambayo alipewa na rafiki yake aliyekwisha kurudi nyumbani moja kwa moja. Kila kiangazi familia sita zililima matembele hayo katika kiwanja nyuma ya kanisa. Tulishajaribu kuotesha viazi vitamu vya dukani. Majani yake yalikuwa manene, yana utomvu, ukiyapika yanabaki kama kamba. Na kila majira ya baridi marando ya Mama yalikuwa yakipungua. Watu waliyaweka madirishani, hita za nyumba zikayakausha. Mwaka uliotangulia familia zote sita zilipoteza yao. Yaliyobaki duniani, kwa kadiri tulivyojua sisi, yalikuwa haya kumi na manne.

Na mimi ndiye niliyesema nitayatunza. Hakuna aliyeniomba. Nilikulia Dodoma mjini katika nyumba yenye ua wa saruji, sikuwahi kuotesha hata mche wa nyanya. Lakini nilikuwa nimeazima vitabu maktaba, vitatu, nikavisoma mpaka nikaweza kuchora michoro yake bila kutazama. Vilisema unaweza kupasha moto kitalu nyumba bila umeme: mboji inayochacha ndani yake, madumu meusi ya maji ya kukamata jua la mchana, plastiki yenye mapovu juu ya vioo. Nilimweleza Mama mezani, nikachora. Akanitazama akitafuna polepole.

"Weye unajua hii kazi?"

"Najua, Mama."

Banda nililijenga nyuma ya nyumba, Oktoba na Novemba, kwa madirisha ya zamani. Mitaa ya Shaw, kule Washington, ilikuwa imeanza kununuliwa na watu wenye pesa, na waliokarabati walitupa madirisha yenye fremu za mbao kando ya barabara. Aliyenibebea ni kaka mmoja Mkenya, muuguzi, wa kanisani kwetu, aliyekuwa na pikapu. Ndiye pia aliyenisaidia kuleta samadi ya farasi kutoka kwenye mazizi ya watu wanaopanda farasi kwa starehe. Walitupatia bure na kutushukuru.

"Dadangu," alisema tukishusha mzigo wa tatu, "mimi nilienda shule nikuje Amerika nibebe mavi. Na yote ni ya kulinda chakula ya ng'ombe."

"Si chakula cha ng'ombe."

"Kwetu matembele tunapatia ng'ombe. Na hata ng'ombe inaangalia kando kwanza."

Sasa niseme nilichokosea, kwa sababu miaka mingi nilisema ni baridi tu. Samadi ilikuja na majani makavu marefu, mabonge, vipande vya kamba. Haikufanana na picha ya kitabuni. Nikaichambua. Iliyokuwa laini nikaiingiza ndani ya banda nikajenga lundo. Iliyokuwa mbaya, ambayo ndiyo nyingi, nikaitupa nje kwenye uzio. Lundo lilipoinama upande mmoja nilikata pembe zake kwa sepetu liwe mraba, na hayo makato nayo nikayatupa kwenye uzio. Wiki ya kwanza lilipata moto mpaka mvuke ukatoka. Nilifurahi hivi kwamba nikawa nalichimba kila asubuhi nione moto ulipofika, halafu nalipanga upya. Lilikuwa lundo safi kuliko yote niliyowahi kuona, na kila siku lilikuwa dogo kidogo na la baridi kidogo.

Mama hakuliona. Ngazi za nyuma zilikuwa tisa, za saruji, na goti halikumruhusu. Hata alipotaka kujaribu nilimzuia. "Ukifungua mlango joto linatoka, Mama. Nitakuletea daftari." Kila Jumamosi nilimletea daftari. Alivaa miwani, akapitisha kidole chini ya mistari, akaridhika. Kufikia katikati ya Januari, kati ya kila tarakimu tatu, mbili zilikuwa za kutunga.

Jumapili moja baada ya ibada yule kaka muuguzi alikuja kula. Alikuwa amesikia redioni kwamba baridi kali inakuja katikati ya wiki, na mvua ya barafu mbele yake.

"Mama, nipatie nusu ya hiyo makopo," alisema. "Kwangu Arlington hita haizimiki, nalala na kaptura. Nitaziweka bafuni kuna mvuke. Ikiwa huku kutaharibika, angalau kuna zingine."

Mama akanigeukia. "Lete daftari."

Nikashuka chumbani. Nakumbuka nilikaa kitandani kidogo nikiwa nalo mapajani. Ningeweza kupanda juu na kusema. Watu wenyewe walikuwa wawili tu, na wali ulikuwa bado wa moto. Nikapanda, nikampa. Akavaa miwani.

"Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na mbili." Akalifunga. "Mutoto anajua kazi yake. Kuyahamisha tutayasumbua. Yaache."

"Sawa," yule kaka alisema, akanitazama mara moja. "Professa wa mavi amesema."

Nikacheka. Nilicheka pamoja nao.

Jumanne mvua ya barafu ilinyesha tangu alfajiri. Jumatano asubuhi kila kitu kilikuwa kimevikwa kioo: waya, matawi, ngazi. Mabasi yalisimama, ofisi zilifungwa, Mama alikuwa nyumbani. Redio ilisema jioni baridi itashuka zaidi kuliko siku yoyote ya msimu ule. Nilienda bandani saa mbili asubuhi. Kipimajoto kilisema nne. Majani ya juu yalikuwa yamelegea kama vitambaa vilivyoloa, na makopo matatu ya karibu na mlango yalikuwa na kingo nyeusi. Nilitia mkono katikati ya lundo langu la mraba. Lilikuwa vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa.

Nilimpigia simu kaka muuguzi kazini kwake.

"Njoo uyachukue," nikamwambia. "Yote."

"Barabara zimefungwa. Niko hapa tangu jana, waliokuwa wanipokee shifti hawajafika. Si ulisema ni kumi na mbili?"

"Haikuwa," nikasema.

"Ilikuwa ngapi?"

"Sijui. Sita. Siku nyingine tano."

Nyuma yake nilisikia mtu akiita muuguzi.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Mwambie saa hii. Mimi siwezi kuja, na siwezi kukusaidia kudanganya mama mzee. Mwambie."

Sikumwambia. Nilichemsha maji. Nilipanga kujaza madumu maji ya moto na kuyazungushia makopo, halafu kurudia kila saa, mchana kutwa na usiku kucha ikibidi. Kwa hesabu yangu ingewezekana kama mtu hatakula wala kulala. Nilipita jikoni na sufuria ya kwanza. Nikapita na ya pili. Mama alikuwa mezani akichambua maharage.

"Mutoto, maji yote hii ni ya nini?"

"Nafua, Mama."

"Siku ya barafu unafuaka?"

"Nguo kidogo tu."

Sufuria ya tatu nilianguka nayo kwenye ngazi ya nne. Maji yalipita kando ya mguu wangu, yakatoa mvuke, na nilipokuwa bado nimekaa nikitazama nikaona kingo za dimbwi zimeanza kuganda. Mlango ukafunguka juu yangu. Mama alikuwa amesimama na kanga mabegani.

"Marando ziko hai?" akauliza.

Nilimwambia hapohapo, bila kuinuka, nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu uso wake nisingeuweza. Nilimwambia tarakimu ya kwanza ilikuwa lini na kwamba Jumapili nilijua. Nilisema pia kuwa nimejaribu sana. Ninajua sasa kwamba sentensi hiyo ya mwisho sikupaswa kuisema.

Nilisikia anaingia ndani, nikadhani imekwisha. Akarudi amevaa koti na buti, akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa kama mtoto mdogo, akaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mguu wa kulia ameunyoosha mbele. Nilitaka kumshika. Akasema, "Toka njiani."

Ndani ya banda alitazama meza zangu, lebo zangu, makopo yaliyopangwa kwa kimo. Akatia mkono kwenye lundo.

"Unapasha nani moto? Hewa?"

"Vitabu vilisema..."

"Hewa haina mizizi." Alikuwa akitazama nje kupitia kioo, upande wa uzio. "Pale kwa nini hakuna barafu?"

Uwanja wote ulikuwa mweupe isipokuwa mahali pale nilipotupa uchafu wangu. Lundo lile baya, la mabonge na majani marefu, lilikuwa limefika kiunoni, limelowa, jeusi, na hewa ilikuwa inacheza juu yake. Nilipochoma sepetu mvuke ulinipanda usoni. Nilikuwa nimelipita kila asubuhi kwa miezi miwili nikienda kuchokonoa lile dogo.

Tulifanya kazi mpaka saa nane mchana. Mimi nilibeba kwa toroli. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiamuru. Nilibomoa meza. Tulijaza nusu ya banda kwa samadi ile mbaya, bila kuichambua, bila kuishindilia, tukaweka juu yake shubiri moja ya udongo na mboji kuukuu. Mama alitia mkono mpaka kwenye kiwiko. "Chini unaungua. Juu hapa ni maji ya kuogesha mutoto. Hapa juu njo pale tunapataka." Nilianza kuziba ufa juu ya dirisha kwa utepe, kwa mazoea, akanizuia. "Acha. Ile harufu ikikosa njia itaua macho ya mashina, pale inachipukia."

Kisha akanipa kisu. "Kata."

"Yapi?"

"Yote. Majani tutakula. Mashina tutalaza."

Majani ya makopo kumi na moja yalikuwa yamelegea tu, bado ya kijani. Nilikuwa nimeyafuta vumbi kwa pamba, moja moja. Nilisema labda tuingize matano jikoni kama yalivyo, kwa usalama.

"Yakisimama hapa, leo yanakufa, na ndani hita itayakausha. Kata."

Nikakata. Tulipata vipande arobaini na moja vya shina, kila kimoja na vifundo vitatu au vinne. Tulivilaza kwenye udongo ule, tukavifukia kidole kimoja, tukapinda waya juu yake, tukafunika plastiki, na juu ya plastiki blanketi la kitanda changu.

Majani aliyapika kwa karanga na mawese. Tulikula tukitazamana na dirisha, barafu ikidondoka kutoka kwenye mti wa jirani. Sijawahi kula kitu kwa hofu namna ile. Kama yangeoza, ile ilikuwa sahani ya mwisho. Alinipakulia mara ya pili bila kuuliza.

"Nisamehe, Mama," nikasema mwishowe.

"Mimi sikukasirika kwa sababu ya baridi," akasema. "Nilikuwa na mtu wa Arlington amekaa hapa, anataka kunisaidia. Ukaninyima."

Akaondoa sahani.

Amri ilikuwa moja: nisifunue. Siku ishirini. Mtu asiyekuwa na ugonjwa wangu wa kuchokonoa hawezi kujua siku ishirini hizo zilivyokuwa. Niliamka, nikasimama nje ya kioo, mikono mfukoni, nikaenda kazini. Niliota vipande vimekuwa uji. Mara moja nilishika pindo la blanketi, nikaliachia.

Jumamosi ya kwanza baada ya siku hizo ishirini kaka muuguzi alikuja, akamshika Mama mkono mpaka chini. Mama mwenyewe ndiye aliyefunua. Harufu ilikuwa ya udongo. Vipande vingi vilikuwa vimeoza, vinateleza ukivigusa. Lakini huku na huku, bila mstari wowote, vichwa vya zambarau vilikuwa vimetoka, vingine virefu kama njiti ya kiberiti. Tulihesabu kumi na saba.

"Chakula ya ng'ombe imefufuka," kaka muuguzi alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha kabisa.

Mama akagawa. Saba zikaenda Arlington, katika boksi la viatu. Nane za familia zenye vyumba vya kufulia vyenye joto. Mbili akaziacha palepale kwenye tuta.

"Hizi mbili nitatunza mimi," akasema.

"Na mimi?" Niliuliza kabla sijajizuia.

Mama akapangusa udongo mikononi. Kaka muuguzi akajifanya anafunga boksi.

"Weye saa moja asubuhi utakuwa ku mlango, kila siku. Nataka kushuka kuona kwa macho yangu. Utanipa bega."

Jumatatu saa moja kasoro nilikuwa mlangoni. Kulikuwa bado na barafu upande wa kushoto wa ngazi. Aliweka mkono begani kwangu, na uzito wake wote ukaja nao, mwingi kuliko nilivyodhani, nikalazimika kutanua miguu. Nikashuka ngazi ya kwanza, nikasimama, nikamsubiri.