Kanga kwa Samaki Asiyekula

Nimefunga flai za samoni zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sijawahi kumwona samoni aliye hai. Nimemwona juu ya barafu dukani hapa Arlington, Texas, vipande vya rangi ya waridi ndani ya plastiki, bila kichwa. Lililonisumbua kuliko hilo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuwa flai yangu, hata moja, ilinasa samaki.

Flai, kwa asiyejua, ni ndoana iliyovikwa manyoya, nywele za wanyama na nyuzi zinazong'aa, ili mvuvi airushe mtoni bila chambo kingine. Flai nyingi huigiza mdudu fulani: nzi, panzi, buu. Ya samoni haiigizi kitu. Samoni hunenepea baharini, na akirudi mtoni kutaga huacha kula kabisa, hata tumbo lake hunywea. Lakini mara mojamoja huiuma ndoana yenye manyoya inayopita mbele yake, na wavuvi wamebishana miaka mingi kuhusu sababu. Wako wanaosema ni hasira. Wako wanaosema ni mazoea ya baharini. Samaki mwenyewe hajaulizwa.

Kazi hii nilifundishwa Nairobi nilipomaliza shule, katika karakana iliyojaa wanawake. Tulikaa kwa safu, kila mmoja na jiliwa dogo lililoishika ndoana kwa meno yake ya chuma, mkasi ukining'inia kwenye kidole cha pete. Flai zilikuwa na majina ya Kiingereza ambayo hayakutuambia lolote, kwa hiyo tulizipa yetu. Nyekundu yenye ukanda mweusi ilikuwa Askari. Nyeupe yenye kishungi cha dhahabu ilikuwa Bibi Harusi. Nyeusi tupu tuliiita Mjane, na ndiyo iliyoagizwa kuliko zote. Nyoya nalo tuliliita kwa jina la ndege mzima. "Nipe jogoo." "Tausi imeisha?" "Nani amekalia kanga yangu?" Kanga kwetu ni yule ndege mweusi mwenye madoa meupe, anayekimbia kama mtu aliyechelewa ibada.

Msimamizi wetu, mama mwenye macho makali, alipita nyuma yetu akiokota flai mojamoja na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii kichwa ni ya flai ama ni ya ng'ombe? Fungua, anza tena."

Siku moja nilimuuliza kama zinanasa.

"Zikinasa, wanaagiza tena," alisema. "Zisiponasa zinapotea, wanaagiza tena. Sasa wewe shida yako ni gani?"

Shida yangu ilikuwa kutaka kujua. Mshonaji huwaona watu kanisani wamevaa nguo alizoshona. Mpishi huona sahani zikirudi tupu. Sisi tulizipanga flai kwenye visanduku, visanduku vikaondoka, basi. Hakuna habari iliyorudi.

Nilipokuja Amerika kusomea uuguzi, nililibeba jiliwa langu ndani ya soksi. Niliishi kwanza Houston, Gulfton, kwenye jengo la vyumba ambako ukipika dagaa ghorofa ya chini, ghorofa ya juu wanajua. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mama wa Kirundi anayefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, jambo ambalo hakunificha. Nilipohamia Arlington kwa ajili ya kazi tuliendelea kupigiana simu, na hata leo ananiita jirani.

Jioni nyingine baada ya zamu niliendelea kufunga flai, kwa sababu mikono yangu inaijua kazi hiyo na inaipenda. Nyuzi nilinunua katika duka la vifaa vya uvuvi Dallas. Hapo ndipo nilipokutana na mwalimu. Ni mwanamke wa Fort Worth aliyestaafu ualimu, mweupe, mrefu, mwenye kofia ya jua hata akiwa ndani. Aliniona nikiukata uzi kwa kuuvuta, kupima nguvu yake, akasogea.

"Unafunga?"

"Nafunga."

"Za samaki gani?"

"Samoni."

Alicheka mpaka muuza duka akageuka. Mito ya Texas ni ya joto na tope; samoni angekufa kabla ya kufika kwenye daraja la kwanza. Lakini nilimwonyesha picha kwenye simu, na akaacha kucheka. Kila kiangazi, alisema, yeye husafiri hadi mto mmoja wa mashariki ya Kanada kuvua samoni. Maji ya huko yana rangi ya chai ya rangi. Alitaka flai nyeusi yenye madoa, ambayo haijauzwa katika duka lolote, kwa sababu samaki wa mto ule wameshaziona za dukani zote.

"Nifungie," alisema. "Nitavua nayo, kisha nitakuambia."

"Utaniambia ulichokiona, si cha kunifurahisha?"

"Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote," alisema. "Sijui kumfurahisha mtu."

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, flai yangu ingeondoka na habari zake zingerudi. Nilijua nitakachofunga kabla sijafika kwenye gari: Mjane, lakini mwenye mashavu na ndevu za kanga. Manyoya ya kanga ya dukani yalikuwa madogo, yamepakwa rangi ya buluu, madoa yamefifia. Nilitaka ya ndege mwenyewe, yenye madoa meupe kamili. Nikakumbuka jirani yangu aliwahi kutaja Mkongo mmoja, anayefanya kazi na mumewe kwenye ghala, anayefuga kuku na ndege wengine nje ya Houston. Nikampigia. Nilikuwa naendesha, naye alikuwa kazini, mashine zikinguruma.

"Jirani, nahitaji kanga," nilisema.

"Kanga? Za nini?"

"Kuna kitu natengeneza. Nataka ya madoa, nyeusi na nyeupe."

"Doti?"

"Ndiyo, doti! Doti kabisa."

"Doti ngapi?"

"Zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Lakini tafadhali usiioshe. Ikioshwa inaharibika."

"Kanga mpya inaoshwa na nani?" alisema, kidogo kwa kuudhika. "Wewe niachie mimi."

Nikadhani tumeelewana. Kifurushi kilipofika kilikuwa kizito kuliko nilivyotazamia manyoya yawe. Nilikifungua mezani. Ndani kulikuwa na kanga za kuvaa, nguo, zimekunjwa vizuri, mpya, zote nyeusi na nyeupe, na juu yake karatasi: "Pole au hongera, hukusema. Wamama wote wa jengo wamechangia."

Nilimpigia nikicheka. Yeye hakucheka, mwanzoni.

"Ndege?" alisema. "Unanipigia simu ukiwa Amerika, unaomba ndege?"

"Nilisema kanga."

"Ulisema kanga ya madoa. Ya! Ungesema kanga mwenye madoa, ningejua ana roho. Nyinyi Wakenya mnaua viumbe kwa sarufi."

"Na doti? Wewe ndiye uliyesema doti."

"Doti ni pea, jamani! Kanga mbili ni doti moja. Kwani wewe ulisikia nini?"

Nilisikia Kiingereza, doti za madoa. Nilimwambia, na hapo akaanza kucheka. Nilimsikia akiweka simu chini na kuwaeleza wenzake kwa Kirundi, vicheko vikalipuka, kisha akarudi. "Kwetu huyo ni inkanga," alisema. "Nguo ni nguo, inkanga ni inkanga. Mngekuja kwetu kujifunza. Sasa njoo Jumamosi, urudishe nguo za watu."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi, kanga zimelala kwenye kiti cha nyuma. Wamama walikataa kuzipokea. Walisema zawadi hairudi, nitafute hafla ya kuzivaa. Jirani aliingia kwenye gari langu, nasi tukaenda kwa yule Mkongo, kwenye kipande chake cha ardhi chenye uzio wa waya nyuma ya nyumba ya kuhamishika. Kanga walikuwepo kweli, kundi zima, wakipiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Ulikuwa wakati wao wa kupukutisha manyoya, na mengine yalikuwa yamelala chini, safi, madoa yake meupe kama yamechorwa kwa kalamu.

"Chukua, mama, chukua yote," Mkongo aliniambia. "Miye nakula nyama. Manyoya, c'est pour toi, ni yako."

"Anampelekea samaki," jirani yangu akamwambia.

"Samaki anakula nyoya?"

"Hali," nilisema. "Akiingia mtoni hali kitu chochote."

Jirani aliokota nyoya moja.

"Sasa kama hali," jirani akauliza, "ndoana anaiuma kwa nini?"

"Hawajui. Wengi wanasema anakasirika ikipita mbele yake."

Aliligeuza nyoya mkononi. "Basi hicho si chakula. Hilo ni tusi."

"Ni kama tusi."

"Basi, jirani, litukane lisikike! Hizo zako ulizonionyesha ni za heshima mno. Ndevu fupi, kila kitu kimechanwa kwa kitana. Nani atakasirishwa na mtu aliyevaa vizuri?"

Miaka yote karakanani nilifundishwa unadhifu: kichwa kidogo, ndevu fupi, bawa lisilopita mkia. Ndivyo visanduku vilivyotaka, kwa sababu mnunuzi hununua kwa macho yake, si ya samaki. Jirani yangu, ambaye hajawahi kushika ufito wa kuvulia, alikuwa amelisema jambo ambalo lilikuwa mbele yangu tangu mwanzo. Nilirudi Arlington nikiwa na mfuko wa manyoya na uhakika mkubwa.

Nilifunga Jumapili baada ya misa, kwenye meza ya jikoni, karibu na dirisha. Kwanza uzi mweusi, kutoka jicho la ndoana hadi mwisho wa shina. Kisha mkia, kishungi cha dhahabu kilichopinda juu. Kisha mwili wa hariri nyeusi, umezungushiwa uzi bapa wa fedha kwa mizunguko iliyoachana sawasawa. Hapo nilikuwa bado karakanani. Kwenye ndevu nikaondoka. Nilichagua nyoya refu la kanga, nikalikunja na kulizungusha shingoni, nikaliacha lishuke mpaka lipite ncha ya ndoana, madoa yakibembea. Bawa nililifunga kwa nywele nyeusi za mkia wa kindi, nyembamba, ili maji yapite kati. Mwisho mashavu: nyoya moja la kulia na moja la kushoto, yaliyopinda kwa kukabiliana. Doti moja, kama angesema jirani. Nikamaliza kichwa, nikakipaka vanishi, nikaitumbukiza flai kwenye bilauri ya maji. Ndevu zilifunguka, zikajikusanya, zikafunguka tena. Msimamizi wangu angeniambia nifungue nianze upya. Sikufungua.

Mwalimu aliigeuza kwenye kiganja chake dukani.

"Ina fujo," alisema.

"Ndiyo. Ni ya kuchokoza."

"Inaitwaje?"

"Mjane Mwenye Kanga." Nilimweleza maana, nguo na ndege. Alilirudia jina mara kadhaa kwa ulimi wa Texas mpaka likawa kitu kingine kabisa, akaitia flai kwenye kisanduku chake. Nilimfungia moja tu. Nilitaka habari ya moja.

Kiangazi hicho, akiwa Kanada, alipiga simu asubuhi moja, nikiwa kwenye mapumziko, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini. Sauti yake ilikuwa na upepo. Alikuwa ameanza na flai zake za kawaida, akaambulia patupu. Mwishoni mwa kina kirefu cha maji, pale maji yanapoanza kukimbia tena, akafunga yangu. Ilipita mara moja. Ilipopita mara ya pili, mshipi ukakazika.

"Kama umekwama kwenye mti?" niliuliza.

"Mti haupandi mto," alisema. "Huyu alipanda."

"Aliruka?"

"Hapana. Alikaa chini. Alikuwa mzito."

"Ulimwona rangi?"

"Niliona maji yakigeuka, mara moja. Mgongo, labda."

"Labda?"

"Labda. Kisha uzi ukakatika. Flai ameondoka nayo."

Nilimuuliza yote ninayojua kuuliza: alivuta kwa kutikisa kichwa au kwa kusukuma, alikaa muda gani, uzi ulikatikia wapi. Alijibu kila swali bila haraka. Mto ule, alisema, siku hizi una samaki wengine wakubwa wanaopanda kutoka baharini, na wao wanakula chochote.

"Mwongozaji wangu wa mtoni yuko hapa," akaongeza. "Amevua katika mto huu tangu utotoni. Anasema alikuwa samoni, anaapa."

"Na wewe unasemaje?"

Mwalimu ndiye aliyekuwa ameshika ufito, na mwalimu alisema hajui. Hiyo ndiyo habari niliyoichukua.