Voisi ya Juu ya Mkorosho

Jamani, wengi hapa Magomeni mnaijua habari hii nusunusu na mnaicheka mkidhani sisikii, basi leo naisimulia mwenyewe, maana hata aibu, kama ni yangu, napenda niigawe kwa mkono wangu.

Asiyenijua anijue. Darasa la nne sikulimaliza, nilianza na mihogo ya kukaanga pale stendi, leo nina matipa matatu na shamba la korosho Mahurunga, na hakuna aliyenishika mkono. Kuandika kunanichosha (nani ana muda huo?), kwa hiyo mambo yangu yote ni kwa voisi: nabonyeza, naongea, natuma, kazi imekwisha.

Shamba hilo ndilo lililonivua nguo. Jirani yangu wa shambani, Mzee Ausi, aliamka siku moja akasema mistari miwili ya mikorosho yangu, ile inayobeba kuliko yote, ni yake. Karatasi yangu ya mauziano inasema "mpaka ni kwenye mkorosho" (nendeni Mahurunga mkanioneshe mahali pasipo na mkorosho). Tukafika baraza la ardhi. Nikachukua wakili, binti mmoja wa sauti ya upole, Wakili Zuhura, naye akaniambia, "Bosi, kuanzia leo usifute kitu kwenye simu. Voisi zote zako na Mzee Ausi nazitaka, nzuri na mbaya. Za kupeleka barazani nitachagua mimi."

"Binti yangu," nikamjibu, "mimi nimeanza kushika simu wewe unanyonya."

Nikarudi nyumbani nikasema ngoja nizipitie kwanza, asije akasikia yasiyomhusu, ndipo nikakutana na ile. Ni ya mwaka juzi, nilikwenda shambani peke yangu kuangalia kama vibarua walipuliza salfa, dawa ya mikorosho, sawasawa, nikaona mnyama mrefu anajikokota majanini, nikajua huyu ni mamba ametoka Ruvuma kunifuata mimi, nikapanda mkorosho pacha, ule wa mashina mawili ulio kwenye mistari hiyohiyo miwili, na viatu vyangu vya ngozi, na huko juu nikamtumia Mzee Ausi voisi: "Nakufa mwenzio! Niko juu ya mkorosho pacha! Njoo unitoe! Mama yangu weee!"

Sasa hiyo nimpe wakili? Mtu wa matipa matatu? Nikafuta. Na jibu la Mzee Ausi nikalifuta bila kulisikiliza, maana nilikumbuka lilianza kwa kicheko. Zilizobaki nikampa wakili.

Siku ya shauri, wakili wa Mzee Ausi akashika orodha ya voisi zangu. "Hapa mteja wangu anauliza, 'Bosi, umeshashuka?' Nawe unajibu, 'Nimeshashuka, ila usimwambie mtu.' Umeshuka kutoka wapi?"

"Kwenye tipa."

"Kushuka kwenye tipa kuna siri gani?"

Watu wakaanza kukohoa. Mwenyekiti akavua miwani. "Kuna kitu kimefutwa hapa katikati?"

Nikaitazama simu yangu kama ndiyo iliyoulizwa.

"Mtu akifuta," akasema, "baraza liamini vipi alichokibakiza?"

Mzee Ausi alipoulizwa voisi za upande wake akasema simu yake ya zamani ilitumbukia mtoni, akakaa ametulia kama bwana harusi. Nikaiona ile mistari miwili inaondoka. Wakili Zuhura hakunigombeza, alinitazama tu, na bora angenigombeza. Ndipo kule nyuma akasimama mke wangu, Mama Shani.

"Mheshimiwa, mimi ninayo."

Akaambiwa akae, kila jambo lina utaratibu wake, shauri likaahirishwa. Tuliporudi akaja na simu yake, akaapishwa, na Wakili Zuhura akamuuliza aliipataje.

"Siku ileile alipoingia kuoga nilijitumia kutoka simu yake, swali na jibu. Akinikera naisikiliza, napoa."

"Hujaikata mahali?"

"Niikate ya nini, dada? Utamu wake ni kuanzia mwanzo."

"Nani mwingine anayo?"

"Kikundi chetu cha kina mama. Wote."

(Wote! Kumbe wale waliokuwa wakinipa "shikamoo Bosi" kwa adabu vile!) Ikaletwa na simu ya katibu wa kikundi, zikalinganishwa, zikawa sawa neno kwa neno, yowe kwa yowe. Wakaweka spika. Sauti yangu ikalia "Mama yangu weee" hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna mgonjwa. Kisha ikafuata ya Mzee Ausi, katikati ya kicheko: "Bosi, huyo kenge, si mamba! Na mkorosho pacha ni wako, shamba langu linaanzia kwenye kichuguu. Sasa kenge wa kwako nije kumfukuza mimi?"

Mzee Ausi akainama kama anatafuta kandambili. Mwenyekiti alijificha nyuma ya faili, lakini mabega yalimsaliti.

Mistari miwili ni yangu hadi leo, na mkorosho pacha Mahurunga nzima wanauita Mama Yangu Wee. Nami nimeapa: sifuti tena kitu, hata salamu za Ijumaa za watu nisiowajua. Juzi simu imeniandikia imejaa, nikanunua nyingine, ile nikaifungia kabatini.

Ila nyumbani, nikianza kupandisha sauti, Mama Shani hanijibu. Ananyoosha tu mkono ilipo simu yake, nami nashuka mwenyewe.