Mtoto Mnamlaza Wapi?

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mkunazini lilikuwapo swali moja lisilojibiwa, hata aulize nani: mtoto mnamlaza wapi? Bibi yangu mzaa mama, Mnyamwezi aliyeletwa Unguja angali kigori na kusali kanisani maisha yake yote, alishatuonya. Wachawi hawaji hivihivi, alisema, huuliza kwanza mchana, wakijibiwa ndipo wanajua pa kupita.

Basi Bi Zuwena alipouliza nilisisimka mwili mzima. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja na sisi, mwanamke mkimya, mshona kofia, kutwa sindano mkononi. Mdogo wangu Petro alikuwa na miezi mitano. Bi Zuwena alisimama mlangoni, macho yanampita Bibi yanakwenda ndani.

"Mtoto mnamlaza wapi, Bi Marta?"

"Analala anakolala," Bibi akajibu, akafunga mlango.

Kesho yake akaja tena, swali lile lile, mlango ule ule ukafungwa. Na siku hiyo, nikifagia, nikaona unga mweupe chini ya ukuta kando ya kitanda cha Petro, mstari mwembamba kama umemwagwa kwa vidole. Nikaufagia, jioni uko. Nikaufagia, asubuhi uko! Bibi akashika kifua. "Nshawaambia. Huu si unga wa kupikia." Tangu hapo tukimsikia Bi Zuwena anakohoa upande wa pili tunanyamaza, kama vile kikohozi chenyewe kina maana, na mimi nikawekwa nilale miguuni pa Petro nimlinde, mtoto wa miaka tisa, nimlinde na nini sijui.

Mama naye aliogopa, nisimsingizie ujasiri. Ila Jumapili ile, masika yamepamba moto, tumerudi kanisani hata viatu hatujavua, hodi ikapigwa. Bibi akaegemea mlango kwa mgongo.

"Usifungue. Ni yule."

"Nimetoka kumwomba Mungu anilindie mwanangu," Mama akasema. "Nikijificha nyuma ya komeo, nilikuwa naomba nini?"

"Mungu kakupa na akili!"

"Kanipa na jirani."

Akamsogeza taratibu, akafungua. Bi Zuwena hakungoja karibu. "Leo, Bi Marta, utanibana vidole lakini naingia." Akapitiliza mpaka kitandani, akabandika kiganja ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Petro.

"Lete mkono wako," akamwambia Mama. "Ukuta umefanya tumbo. Kwangu nausikia kutwa, kama mtu anatafuna mchanga. Nakuja kusema, Bi Marta haniachi nimalize!"

Mama akagusa. Akamnyakua Petro. Unga ule ulikuwa chokaa.

Kitanda hatukuwahi kukitoa. Tulikuwa tumeshakimbilia uchochoroni, mvua inatunyeshea, mlio ukaja, si mkubwa, kama gunia limetuliwa, vumbi likatoka mlangoni. Tulipochungulia nyumba mbili zimekuwa moja, na kofia za Bi Zuwena zimetawanyika juu ya kitanda cha Petro. Mama akaanza kusali kwa sauti, palepale, watu wanaangalia. Alipomtaja Petro akamtaja na Bi Zuwena, apate pa kukaa, mikono yake isikose kazi. Bi Zuwena, kanga imemganda kichwani, akaitikia, "Amin." Bibi alikawia. Kisha naye, chinichini, "Amina."

Sasa nna mwanangu, miezi saba, na naogopa kila kitu: homa, kuta hizi za Mji Mkongwe, habari zinazoingia kwenye simu. Nasali, kisha nafunga makomeo mawili. Juzi mpangaji mpya wa juu, mwanamke nisiyemjua kwao, alisimama ngazini akaniuliza, "Mwanao analala upande gani?" Nikamwambia nna haraka.

Wabaya wapo, sisemi hawapo. Lakini onyo la Bibi lilikaribia kumuua Petro, na lile tumaini Mama alilokwenda kuliomba kanisani lilikuwa limeshatubishia hodi mara mbili.

Leo asubuhi nikamsikia yule mpangaji anashuka. Nikasali harakaharaka, maneno hayakupangika, nikafungua kabla hajafika. Nilimwangalia mikono kwanza, siwezi kusema uongo.

"Analala huku," nikamwambia. "Ingia uone."