Siku Tulipopima Bustani

Nilipokuwa nafundisha hisabati darasa la nne huko Lufingo, asubuhi moja niliwatoa wanafunzi nje, tukapima bustani ya shule kwa kamba za mgomba. Binti mmoja ambaye hakuwahi kunijibu darasani aliwabishia wenzake kwa sauti: "Pimeni tena, mmelegeza kamba."

Mwalimu mkuu alitutazama hadi mwisho, kisha akaniita pembeni.

"Somo zuri, mwalimu. Ila wakaguzi wakija wataniuliza mada mmefikia wapi."

Tukarudi ubaoni, na yule binti akarudia ukimya wake.

Siku hizi nafundisha Bulyaga, na mada zangu huisha kwa wakati. Mvua ikikatika, huwa nawatazama wanafunzi walivyoinamia madaftari, nikatamani sana kuwatoa nje.