Jina la Mzee Ekuru

Akidor alizaliwa Lokiriama, katika boma lenye watoto wengi hata mama yao akimwita mmoja, waliitika watatu. Huyu alichunga mbuzi, yule ngamia, mwingine alichimba maji mchangani; hakuna aliyeonekana amezidi. Kisha kiangazi kikamaliza mifugo, watoto wakabaki bila cha kuchunga.

Sasa aliishi Kakuma na mumewe Ekiru, fundi mwashi, na mabinti wawili, mdogo akiitwa Carol. Mchana alisuka vikapu vya majani ya mkoma sokoni, na jua lilipoufanya upeo wa mbali umeremete kama ziwa, aliwaona watoto ambao hakuwazaa wakija taratibu kutoka upande wa milima. Hawakumtisha. Aliwatazama tu, mpaka vumbi likawafunika.

Siku moja alimweleza Nyadak, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyeuza chai kando yake.

"Mimi nilitaka kumi," Nyadak alisema. "Ndugu zangu waliisha kwa vita, nikasema tumbo langu itawarudisha. Nikapata watano. Saa hii nikiwaangalia wakienda shule, naona hawa ni watoto tu, Mama Carol. Si ndugu zangu."

Maneno hayo yalimkaa Akidor moyoni, hata mama mkwe alipokuja kutoka Lodwar. Bibi yule alikaa kwenye ngozi kivulini, na kabla chai haijapoa akasema, "Mwanangu, mume wangu Ekuru amelala kaburini na jina lake haliitwi. Nizalie mvulana, Ekuru mwingine."

Ekiru aliinama akitazama viganja vyake.

"Mama, hawa wawili wananitosha," Akidor alijibu polepole. "Mimi na Ekiru tumeshaelewana."

"Ukizeeka, nani atakuchotea maji?"

"Sijui, mama. Lakini mdogo tulimbatiza Carol tu. Jina la ukoo ulilizuia wewe, ukimngojea mvulana. Mwite Akuru, Ekuru wa kike. Ni jina lile lile. Limevaa shanga tu."

Mama mkwe alishinda pale pale, chakula hakukigusa. Jua lilipokuwa linashuka, Ekiru akafungua kinywa. "Baba alitubeba mimi na dada mabegani, mama. Hakuuliza nani mvulana."

Asubuhi bibi alijipaka mafuta viganjani, akamgeukia mtoto aliyekuwa akicheza na vijiwe. "Akuru."

Mtoto hakugeuka, hakujua ni yeye anayeitwa.

"Akuru," bibi akarudia, akamnyooshea viganja. Mtoto akaja, akainamisha kichwa, akapakwa mafuta.

Bibi alirudi Lodwar, na huko mpaka leo husema mkazamwana wake ni mkaidi. Lakini akipiga simu, hamuulizii mwanawe.

"Nipeni mzee nizungumze naye," husema.

Na Carol huichukua simu, hujikohoza kidogo, akasalimu kwa sauti nzito kama ya mzee: "Ejok, mke wangu. Mbuzi wamelala?"