Kuni za Msiba wa Mpira

Watu wakiniuliza nilianzaje kushabikia timu nyekundu, nami nimezaliwa Kintinku kwenye nyumba ya mashabiki wa njano tupu, wanadhani mume wangu ndiye aliyenibadili. Thubutu! Mume wangu siku ya mechi anakimbilia kibanda umiza kule senta kutazama mpira, ananiacha na vyombo. Aliyenibadili ni baba yake, na alifanya hivyo bila hata kunitazama usoni.

Nilipoolewa hapa Sepuka nilifundwa mapema kwamba mkwe hazoeani na baba mkwe. Unapiga goti, unasema shikamoo, unampelekea maji ya kunawa, unaondoka. Hukai naye, huli naye, na kupaza sauti mbele yake ndiyo usijaribu kabisa. Mzee naye alikuwa mtu wa heshima zake. Akitaka kupita jikoni alianza kukohoa akiwa bado mbali, ili nijiweke sawa.

Lakini masikio yake yalikuwa yanaondoka. Sauti ya mtu wa karibu aliisikia ikipazwa kidogo. Redio kwake ilikuwa kelele tu, maana watangazaji wa mpira wanasema kama watu wanaofukuzwa. Aliiweka sikioni, akaigeuza, akaipiga kofi, mwisho akaizima. Mtu aliyeshabikia timu yake tangu ujana akawa anasubiri kesho yake ndipo aambiwe matokeo. Roho iliniuma, jamani.

Jumapili moja nikamwambia mama mkwe kwamba naweza kusikiliza redio jikoni, nimweleze yeye, naye amfikishie mzee pale nje. Akakubali. Maskini, mama yule mpira hakuujua wala hakuutaka. Nilisema wamepata kona, kipa ameupangua. Yeye akamwambia mzee bado wanakimbia. Nilisema penalti; akasema kuna mtu ameanguka. Kabla ya mapumziko mzee alikuwa amechoka.

"Mwache aseme mwenyewe," alimwambia mkewe. "Si ukuta upo?"

Ndivyo ilivyoanza. Mimi jikoni nachambua mtama, redio inaning'inia kwenye msumari. Yeye nje kwenye kigoda, ukuta wa tofali wenye kidirisha katikati yetu. Nikawa natangaza. Mwanzoni kwa aibu, baadaye nikanogewa mpaka nikaongeza na vya kwangu: huyu soksi zimemshuka, kocha wao kanuna kama kanyimwa chakula. Nilimsikia mzee akicheka peke yake kule nje. Moyoni nilikuwa bado njano, lakini sikuwa nimemwambia mtu.

Sasa, mzee na jirani yetu wana desturi yao. Jirani ni mtu mzima wa rika lake, na yeye ni njano mpaka kwenye mifupa. Timu ya mmoja ikifungwa na timu ya mwenzake, aliyeshinda anaamka asubuhi na kubeba mzigo wa kuni mpaka kwa aliyefungwa, kama watu wanavyopeleka kuni kwenye msiba. Anautua mlangoni, anashika shavu, anatoa pole. Aliyefungwa sharti azipokee na kumkaribisha uji. Wamefanya hivyo tangu kabla mimi sijaolewa.

Ikafika mechi ya watani wenyewe, nyekundu na njano. Wiki hiyo mzee alikuwa ametoka kuugua malaria, amekonda, uji anakunywa vijiko viwili anasukuma bakuli. Alitoka kitandani kwa ajili ya mpira tu. Njano wakapata bao mapema. Moyo wangu uliruka, kisha nikachungulia dirishani nikaiona shingo yake ilivyokuwa nyembamba. Ulimi ukagoma.

"Wamekosa, baba," nikasema. "Umepita juu."

Bao la pili nalo nikalipitisha juu. Mpira ulipoisha nikatangaza bila bila. Mzee akasema Mungu ashukuriwe, na akaomba ugali. Akala, akaongeza, akalala kabla mume wangu hajarudi na habari. Nikafurahi kama mpumbavu, na zile kuni sikuzikumbuka hata kidogo.

Asubuhi napepeta mtama, nikasikia mzigo ukitua puu mlangoni. Ungo ukabaki hewani. Jirani akaanza kutoa pole kwa sauti ya msibani, anaivuta kweli kweli. Mzee akamuuliza nani kafariki.

"Mbili bila, mzee mwenzangu," jirani akasema. "Au redio yako imekuficha?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemdanganya mtu asiye na masikio mengine ila yangu, na sasa anachekwa mlangoni kwake. Nilijua hatanisikiliza tena. Nitarudi kuwa mkwe wa kuleta maji na kuondoka, na mpaka dakika ile sikujua nilivyoipenda ile kazi ya ukutani. Nilisimama na ungo wangu nikisubiri aseme neno.

Mzee aliinama akaugusa ule mzigo wa kuni. Kisha akasema, bila haraka, "Hapa kwangu ilikuwa sare. Ametangaza mwanangu. Hizo kuni mpe, apikie."

Jirani alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wake. Mimi nililia kwenye kanga. Mpaka siku ile, mzee akinitaja kwa watu alikuwa akisema "mke wa kijana wangu". Nilizipokea zile kuni kwa mikono miwili, nikazipikia uji, na jirani akanywa mabakuli mawili.

Baba yangu kule Kintinku alinuna kwenye simu nilipomwambia nimehama timu. Nikamwambia asiilaumu nyekundu, mabao mawili ya njano ndiyo yaliyonihamisha. Hakuelewa, nami sikumfafanulia. Nilimshukuru kwa kunilea mtu wa mpira, maana bila yeye ningekuwa kama mama mkwe, namwambia mzee bado wanakimbia.

Jumamosi iliyofuata mzee hakukaa kule ukutani. Alikohoa, nikajiweka sawa, akaja na kigoda chake mpaka mlango wa jiko. Akakiweka kizingitini, akakaa akinipa mgongo, na heshima yetu ikabaki pale pale.

"Haya, mwanangu, anza," akasema. "Na leo usinihurumie."

Dakika ya kumi tukafungwa. Nikamwambia. Akaguna, akasema niendelee.